Vibakuli Tisa Mezani

Ubao unafika mezani ukiwa bado na joto la tanuri. Juu yake imelaliana mikate: naan ya kawaida, naan yenye tangawizi na kitunguu saumu, kulcha ya vitunguu, paratha iliyojazwa jibini. Kando yake vimejipanga vibakuli tisa, kila kimoja na rangi yake: maziwa ya mgando yenye tango, hummus ya pilipili hoho, chatne ya embe, jamu ya nyanya na tende, ukwaju, kotmiri, achari ya kitunguu saumu, sambali nyekundu, na achari ya ndimu na pilipili ambayo ukali wake hupanda hadi masikioni. Mhudumu anauweka ubao katikati ya meza, hamwekei mtu mmoja mbele yake, kisha anarudi nyuma hatua moja. Kimya kinapita. Halafu mikono inatoka pande zote, ya watoto na ya wazee, inakutana juu ya mikate, inapishana, inakwepana, na mtu anacheka kwa mara ya kwanza tangu jua lianze kushuka.

Mkahawa huo unaitwa Sanaa, na uko Florida, Marekani, ndani ya hoteli ya Disney iitwayo Animal Kingdom Lodge. Hoteli ilifunguliwa Aprili 2001, kazi ya msanifu majengo Peter Dominick, na mwaka 2009 ikaongezewa jengo la pili, Kidani Village, ambamo ndimo mkahawa huu ulimo. Mapaa yameezekwa kwa mtindo wa nyasi, mbao na magogo yametawala macho, na madirisha makubwa yanatazama mbuga iliyotengenezwa na watu katika nchi ya vinamasi. Twiga hupita hapo. Ni twiga mwenyewe, mnyama wa taifa la kwetu Tanzania, akitafuna majani yake huku upande wa pili wa kioo mtoto akitafuna mkate. Wenye mkahawa hueleza chakula chao kuwa ni mapishi ya Afrika yenye ladha za Kihindi. Kwa mtu wa pwani hayo si maelezo ya jambo geni. Ndivyo majiko yetu yalivyo, kutoka Lamu hadi Kilwa, kwa karne nyingi.

Tulikuwa watu wa vizazi vitatu. Mama yangu, mzaliwa wa Pangani, alikuwa amekwenda kuwaona wajukuu. Dada yangu na mumewe wanaishi Marekani muda mrefu. Watoto wao wamezaliwa huko na Kiswahili chao ni cha kusikia zaidi kuliko cha kusema. Nami nilikuwa nimemsindikiza mama. Tangu asubuhi tulikuwa Animal Kingdom, bustani ya Disney, tumesimama. Bustani ya burudani, pamoja na yote inayojivunia, ni mahali pa kusimama. Unasimama langoni, unasimama kungoja gari la kwenda kutazama wanyama, unasimama kungoja treni ya mlimani, unasimama kungoja maji. Foleni ina adabu yake: kila mtu hutazama kisogo cha aliye mbele yake. Ikifika zamu yako unakalishwa, unafungwa mkanda, na bado unatazama mbele, kwa sababu kilicholipiwa kiko mbele. Hivyo familia inaweza kushinda bega kwa bega kutwa nzima, ikashikana mikono, ikagawana kofia na chupa ya maji, na mpaka jua linazama isiwe imeonana nyuso.

Nililiona hilo pale tu tulipokaa. Meza ilitugeuza. Aliyekuwa kando yangu akawa mkabala nami, na nikagundua kwamba mpwa wangu mdogo amepata mchubuko kidevuni, kwamba shemeji amechoka kuliko anavyokiri, kwamba mama alikuwa amevua viatu chini ya meza. Wahenga walisema macho hayana pazia, na kweli siku ile yalikuwa yameona: faru, mamba, viboko, mlima wa kubuni wenye theluji ya kubuni, umati wa watu wa lugha zisizohesabika. Lakini macho hupokea tu. Kilichoonwa na wote bila kusimuliwa na yeyote bado hakijawa cha familia. Huwa chao pale mmoja anapoanza kukieleza, mwingine akamkatiza, wa tatu akaapa kwamba haikuwa hivyo, na bibi, ambaye alikataa katakata kupanda treni ile akabaki chini ameshika mikoba, akawa ndiye msikilizaji ambaye kwa ajili yake jambo zima linafaa kusimuliwa upya tangu mwanzo.

Yupo mtu mmoja aliyelijua tatizo hili mapema kuliko wengi, naye ni Walt Disney mwenyewe. Alisimulia kwamba wazo la kujenga bustani yake lilimjia alipokuwa akiwapeleka binti zake wawili Griffith Park, mjini Los Angeles. Wao walipanda farasi wa mbao wanaozunguka, yeye akakaa kwenye benchi akila njugu na kuwatazama. Akajiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo wazazi na watoto wangefurahi pamoja. Disneyland ikafunguliwa California mwezi wa Julai 1955. Ile ya Florida ikafunguliwa Oktoba 1971, yeye akiwa ameshafariki tangu Desemba 1966. Naiheshimu sana simulizi hiyo ya benchi. Ndani yake yumo baba mwenye mapenzi, na umo upweke wake pia. Alitaka kumwondoa mzazi kwenye benchi ampeleke kwenye farasi. Mimi nadhani dawa nusu ilikuwa tayari mkononi mwake, katika ule mfuko wa njugu. Angengoja watoto washuke, wakae naye, wale pamoja, wamwambie farasi alikuwaje. Farasi huzunguka dakika chache. Maneno ya mtoto aliyetoka kumpanda huweza kudumu mpaka mtoto huyo awe na wajukuu.

Basi pale mezani mazungumzo yalianza na magari ya safari, yale yaitwayo Kilimanjaro Safaris, ambayo huanzia katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe. Bustani ya Animal Kingdom ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, na aliyeongoza usanifu wake, Joe Rohde, alisafiri na wenzake Afrika Mashariki kabla ya kuijenga. Kijiji chake kimechukua sura ya miji yetu ya pwani, Lamu hasa. Mpwa wangu mkubwa alikuwa na swali ambalo alilibeba tangu asubuhi: kwa nini kuta za kule zina nyufa, ilhali kila kitu kingine ni kipya? Ni swali la mtoto mwenye macho. Nyufa zile zimetengenezwa. Mafundi hodari walilipwa kupaka lipu kisha kuichakaza, ifanane na nyumba iliyokula chumvi ya bahari na mvua za masika kwa miaka mingi. Na hapo fikra zangu zilitoka Florida zikavuka bahari. Mwaka uleule wa 2001 hoteli hii ilipofunguliwa, Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Huko ufa haupakwi. Ufa huko unamnyima usingizi mwenye nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko, na kila nyumba inayobaki imesimama ni kwa sababu kuna mtu aliyepanda juu na ndoo ya chokaa akaziba. Uchakavu ambao upande mmoja wa dunia ni pambo, upande mwingine ni kazi ya kila mwaka na fedha isiyopatikana. Sisemi hivyo kuwashutumu mafundi wa Florida. Kazi yao ni nzuri na ina macho ya upendo. Nasema ili mtoto ajue kwamba ukuta ule una mwenziwe, na mwenziwe ana wenyewe, nao wamechoka.

Kisha watoto wakamwona ng'ombe. Ndani ya mbuga za hoteli hii, pamoja na twiga, punda milia na mbuni, wamo ng'ombe wa Ankole, wale wa pembe ndefu zilizopinda kama mikono inayoomba dua. Walipiga kelele za furaha, na watu wa meza jirani wakainua simu wapige picha. Nikasikia mama akiguna. Hakumshangaa ng'ombe; alishangaa kumwona amewekwa pamoja na wanyama wa porini. Mtu wa Mbarara, Uganda, au wa Nyanza, Rwanda, angeguna zaidi. Huko, kwa wafugaji wa Uganda Magharibi, ng'ombe huyu ana jina, ana ukoo, anaitwa akaja. Rwanda walimwimbia na kumpamba. Inyambo wa kifalme mpaka leo wanatunzwa katika makumbusho ya ikulu ya zamani huko Nyanza. Ng'ombe huyu ameoa watu, maana mahari mangapi yamelipwa kwake. Ameamua kesi, amezika ugomvi, amelisha watoto maziwa. Dirishani pale anatazamwa pamoja na mbuni. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Kioo ndicho kinachofanya hivyo. Kioo hakijui tofauti ya kinachofugwa na kinachowindwa, cha kutazamwa na cha kuishi nacho. Na hiyo ndiyo sababu nimeupenda ule ubao wa mikate kuliko dirisha, ingawa dirisha ndilo linalowavuta watu kuja.

Kwa maana mezani hakukuwa na kioo. Mama alivuta kibakuli kimoja, akachovya ncha ya mkate, akaonja, akafumba macho. Ukwaju, akasema. Akaonja tena kuhakikisha. Kisha, bila kuombwa na mtu, akaanza kueleza: mkwaju uliokuwa nyuma ya nyumba ya nyanya yake, jinsi walivyookota kwaju zilizoanguka usiku wa upepo, jinsi walivyoloweka, wakakamua, wakachuja kwa kitambaa wakati wa Ramadhani, na jinsi walivyolamba vidole wakakunja nyuso. Yule mjukuu mdogo, ambaye kutwa nzima alikuwa akimwomba bibi yake amtazame yeye, safari hii alimtazama yeye bibi. Akachovya. Akakunja uso vilevile. Nimefikiri mara nyingi tangu siku hiyo kwamba yale maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa kila kona ya hoteli ile hayakumfundisha mtoto huyu lugha ya bibi yake hata kwa kiasi cha kijiko, na kile kijiko cha ukwaju kilimfundisha mengi.

Nami napenda kuufuata ukwaju huo ulikotoka, kwa sababu njia yake ni ya kweli kuliko sehemu yoyote ya bustani. Mkwaju asili yake ni Afrika ya tropiki. Uliingia Bara Hindi kale sana, ukakaa huko hata wengi wakaudhani wa huko, ukatiwa sukari guru na bizari, ukawa chatne. Embe lilikuja kwetu kutoka huko huko. Tende zilishuka kutoka Uarabuni na Ghuba, katika majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na katika majahazi hayohayo walikuja watu walioleta unga wa ngano uliosukumwa ukakaangwa, ambao sasa hakuna nyumba ya pwani isiyouita wake. Halafu ipo pilipili. Hakuna kitu ambacho Mswahili angeapa ni cha kwake kuliko pilipili, nayo si yetu wala si ya Wahindi. Ni mzaliwa wa bara la Amerika. Haikujulikana Goa wala Mombasa kabla ya mabaharia wa Ulaya kuvuka Atlantiki mwishoni mwa karne ya 15. Wareno ndio walioisambaza katika Bahari ya Hindi karne iliyofuata. Nyanya nayo ni ya huko, na njugu alizokula Walt Disney kwenye benchi lake ni za huko. Kwa hiyo ile sambali nyekundu iliyokuwa ikituunguza ndimi mbele ya dirisha la Florida ilikuwa imezunguka dunia. Ilitoka katika nusu hii ya dunia, ikapita baharini, ikaoa Uhindini, ikazaa Afrika, na sasa ilikuwa imerudi na watoto wake. Hakuna aliyeiandalia maonyesho. Hakuna foleni iliyopangwa kuitazama. Ilikaa kimya ndani ya kibakuli ikingoja mtu achovye.

Ndiyo maana siungani na wanaosema kwamba mahali kama hapa kila kitu ni bandia. Nimesikia wasomi wenzangu wakisema hivyo, tena kwa dharau, na najua wanachokiogopa: kwamba Afrika imegeuzwa mapambo, imefanywa nchi moja isiyo na miji wala barabara wala watu wa leo. Hofu yao ina haki. Lakini dharau haioni meza. Chakula hakiwezi kuwa bandia kwa namna ambayo ukuta unaweza. Ama kimeiva ama hakijaiva. Ama kinachoma ama hakichomi. Mwili hautapeliwi. Na mwili ukishakikubali huanza kukumbuka, na kumbukumbu inapotoka mdomoni mwa mzee ikaingia sikioni mwa mtoto, hapo pana jambo la kweli limetokea hata kama miamba ya nje ni ya saruji iliyopakwa rangi.

Lilikuwapo jambo jingine kuhusu ubao ule. Haukuwa na nyama. Kwa familia ya Kiislamu iliyo safarini hiyo ni nusu ya amani. Sahani nyingine zilikuja kila moja kwa mwenyewe, huyu samaki, huyu mboga za dengu, na kila mtu akaulinda ukingo wa sahani yake kwa adabu ya mikahawa. Ubao ulibaki wa wote. Mama alikuwa akimega mkate kwa mkono wa kulia na kumsogezea mjukuu kipande kizuri zaidi, kama ambavyo amekuwa akifanya kwenye sinia maisha yake yote, na mtoto akajifunza, pasipo kuambiwa, kuchukua kilicho upande wake na kutovuka kwenda kwa mwenzake. Jua lilipozama dada yangu alitafuta kibla kwenye simu. Florida kibla kiko kaskazini-mashariki. Mwanamke ambaye maisha yake yote, kule Pangani, ameelekea kaskazini, aligeuka kidogo kulia, akatandika shali yake kwenye pembe tulivu ya korido, akaswali magharibi. Alipotoa salamu, watoto walikuwa wamemwekea kipande cha mwisho cha kulcha.

Sasa nije kwa mhudumu, kwa kuwa tangu siku ile ni yeye ninayemfikiria kuliko twiga. Wafanyakazi wa Disney huvaa beji yenye jina la kwanza na mahali mtu anakotoka, na hoteli hii kwa miaka mingi imekuwa ikiwaajiri kwa muda vijana kutoka nchi za Afrika ili wawapokee wateja na kuwaeleza habari za kwao. Wetu beji yake ilisema Afrika Kusini. Alipomfikia mama alimwita Mama, akainama kidogo, akapokea sahani iliyotumika kwa mikono miwili. Mikono miwili! Hakuna mafunzo ya kazi yaliyomfundisha hilo. Hilo alilitoa kwao. Mama akamtazama kwa muda, kisha akamfanyia yale ambayo wanawake wa pwani huwafanyia vijana wote walio mbali na nyumbani: akamhoji. Mama yako yu hai? Unakula vizuri? Unawapigia simu? Dada yangu akawa mkalimani. Kijana akajibu kwamba hupiga simu amalizapo kazi usiku, wakati kwao kunakaribia kupambazuka na mama yake anaamka. Mama akasema, basi kaa ule nasi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeusikia msemo huo tangu utoto na sikuwahi kuuona ukikwama kama ulivyokwama pale. Nani alikuwa mgeni? Kampuni ya Disney inatuita sisi wageni, na kijana ndiye mwenyeji. Anatukaribisha katika Afrika iliyojengwa kwenye ardhi ya Florida, ardhi ambayo kabla ya kampuni na kabla ya taifa ilikuwa na watu wake wa asili. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mbali zaidi na kwao, na mama, mwenye meza iliyojaa chakula, hakuweza kula kwa raha huku mtoto wa mwanamke mwenzake amesimama. Kwetu, anayekukuta unakula huambiwa karibu, awe mpita njia, awe fundi aliyekuja kudai chake. Kusema karibu si hiari, na anayeambiwa huweza kunawa akakaa. Kijana alitabasamu, akamshukuru, akabaki amesimama. Kazi yake haikumruhusu kukaa. Mama hakuelewa, au alielewa na hakukubali. Alinyamaza, akaangalia mikate iliyobaki, kisha akainua mikono yake akamwombea dua palepale, ndefu, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na kijana akasimama kichwa kimeinama mpaka akamaliza. Meza ya pembeni walitulia pia.

Ukarimu unaolipiwa ni ukarimu wa aina gani? Nimelizungusha swali hili na sina uhakika kwamba fedha huuondolea ukarimu uhai wake. Mkono mtupu haulambwi, na kijana anayelisha ndugu zake kwa mshahara ule hahitaji mtu wa kumhurumia kwa kuwa analipwa. Ninachokijua ni kwamba ukarimu unaolipiwa una mipaka iliyochorwa, na kwamba uzuri wake wote hutokea pale mtu anapouvusha mpaka kwa kitu ambacho hakimo katika bili: mikono miwili, swali kuhusu mama yake, dua. Vitu hivyo haviwekwi bei kwa sababu hakuna anayeweza kuviagiza.

Bei ya mengine yote ipo, nayo si ndogo. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima katika bustani hizo huzidi dola 100, na meza ya mkahawa huwekewa nafasi hadi siku 60 kabla. Miezi miwili kabla ya kuhisi njaa unatakiwa kujua utakula saa ngapi, na watu wangapi. Nilipomweleza mama hilo aliuliza itakuwaje akitokea mtu njiani. Kwake meza isiyo na nafasi ya mtu asiyetarajiwa bado haijatandikwa. Namwelewa, nami pia nimekulia katika nyumba ambayo mchuzi uliongezwa maji mara mbili kabla ya kupakuliwa. Hata hivyo sitaki kuitukuza njaa ya zamani. Dada yangu na mumewe wanafanya kazi za zamu, mmoja usiku mwingine mchana. Chakula cha pamoja nyumbani kwao ni nadra, na kwao zile siku 60 hazikuwa ubaridi. Walizihesabu kwenye kalenda ya jikoni pamoja na watoto. Walikuwa wamejiwekea ahadi ya kukaa chini pamoja, wakailipia mapema ili dunia isiwanyang'anye. Katika nchi ambayo muda hukatwa vipande na kuuzwa, kuna watu ambao wanaweza kuitetea jioni moja ya familia kwa njia hiyo tu.

Upo msemo mkali wa wazee wetu: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Unawaonya vijana wasiwaamini marafiki wa chakula. Mezani pale tulikuwa wazaliwa nao, damu moja, na kumbe tulikuwa tumekaa miaka bila kula pamoja. Udugu wetu ulikuwa wa simu, wa kutumiana fedha na picha, wa salamu za Idi. Nimeanza kuamini kwamba msemo huo una upande wa pili ambao wazee hawakuhitaji kuutamka, kwa sababu wakati wao haukuwa na shaka: mzaliwa nawe naye sharti mle pamoja. Damu peke yake, ikikaa mbali na sahani, hupoa. Wajukuu wa mama walimjua kwa sura ya kwenye simu. Baada ya jioni ile wanajua anavyomega mkate, anavyokunja uso kwa ukwaju, anavyomwombea mtu asiyemjua.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na ndugu upande ule wa dunia na ukajaliwa kufika, usiukatie tamaa mkahawa huo kwa sababu ya bei ya lango. Anayekwenda kula Sanaa hahitaji tiketi ya bustani. Nafasi ya meza inamtosha. Acha foleni kwa siku moja. Nenda jioni, kabla giza halijaingia, na mzee wako. Mpe kiti kinachowatazama wajukuu, na umwache aulize maswali yake yote.